Miji Iliyoachwa Njiani

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Katika miaka hii usemi huo umepata wafuasi wengi miongoni mwa wakazi wa miji yetu mikubwa. Ifikapo Jumamosi alfajiri, baba na mama ambao juma zima wametumikia ofisi, duka au karakana huwaamsha watoto, wakapakia garini maji, chapati na mkeka, wakaondoka mjini kabla jua halijapanda. Wasio na gari huchangishana nauli, jamaa kwa jamaa au wafanyakazi kwa wafanyakazi, wakakodi basi dogo. Wengine huelekea Bagamoyo, wengine Pangani, wengine Lushoto, na wako wanaothubutu hata mwendo mrefu wa Kilwa. Jumapili jioni hurejea wamechoka mwili lakini wametulia moyo.

Desturi hii ni njema, na yafaa kusifiwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kutazama mambo ya kale ni shughuli ya wageni wa ng'ambo wenye kamera shingoni, na kwamba mwananchi husafiri kwa ajili ya msiba, arusi au biashara tu. Leo mtoto wa Temeke au wa Chumbageni anaweza kugusa kwa mkono wake ukuta uliojengwa na mababu miaka mia saba iliyopita. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo hatuna budi kujiuliza swali. Sisi wasafiri wa siku mbili twaipa nini miji hii midogo, na twachukua nini kutoka kwake zaidi ya upepo wa bahari? Jibu lina uzito kwa sababu nyumba tunazokwenda kuzitazama zinaanguka. Nyumba ya kale ikianguka hairudi tena. Linaloweza kujengwa mahali pake ni jengo jingine, ambalo halina cha kusimulia.

KWA NINI MIJI HII ILIBAKI NYUMA

Mtu aingiaye Bagamoyo mara ya kwanza hustaajabu kusikia kwamba mji huu mtulivu uliwahi kuwa makao makuu ya utawala. Lakini katika karne ya 19 hapa ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, mkabala na kisiwa cha Unguja. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremsha pembe za ndovu mabegani mwao, wakarudi bara na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Pamoja na mali hiyo walipitishwa binadamu waliotiwa utumwani. Burton na Speke walianzia safari yao ya bara katika mwambao huu mwaka 1857. Stanley akaondoka hapa mwaka 1871. Wajerumani walipoingia waliifanya Bagamoyo kuwa makao yao makuu.

Kilichouangusha mji huu ni maji yake. Pwani ya Bagamoyo ni ya maji mafupi. Jahazi liliweza kulala mchangani maji yakipwa na kuelea tena maji yakijaa, lakini meli ya moshi ilibidi kutia nanga mbali. Mwaka 1891 makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ukaanzia huko. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mpagazi hakuwa na sababu ya kuteremka Bagamoyo, wala mfanyabiashara hakuwa na sababu ya kumngojea.

Pangani nayo ilipatwa na hayo hayo. Mto Pangani, uchukuao maji ya Kilimanjaro na Meru, una fungu la mchanga mlangoni pake, na meli kubwa haziwezi kulivuka. Tanga, iliyo kilomita 50 hivi kaskazini, ina ghuba yenye kina. Ujenzi wa reli ulipoanza Tanga mwaka 1893 na kuelekea Usambara, hatima ya Pangani ilikwisha kukatwa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Miji iliyopata reli na bandari ilipata fedha, na penye fedha majengo ya kale hubomolewa ili kupisha mapya. Miji iliyoachwa njiani haikuwa na fedha za kubomoa, wala haikuwa na mtu wa kuijengea ghorofa. Kwa hiyo umaskini ndio uliokuwa mlinzi wa nyumba hizi kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini mlinzi huyu ana kasoro: hulinda asibomoe mtu, ila hatengenezi paa linalovuja.

Sasa barabara imerudi. Watu wa makamo wanakumbuka jinsi njia ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo ilivyokuwa ya mashimo na vumbi, safari ya nusu siku kwa mwendo usiotimiza kilomita 80. Karne hii imeitia lami, na lami nyingine ikaunganisha Bagamoyo na Msata. Mradi wa barabara ya pwani, kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, umelengwa kuitoa Pangani katika upweke wake. Njia iliyowahi kuikimbia miji hii inairudia, na nyuma yake wanakuja wageni, wanunuzi wa viwanja na malori ya saruji. Kipindi cha kulindwa na umaskini kinakwisha. Itabidi pawe na mlinzi mwingine.

KAOLE NA BAGAMOYO

Anayetoka Dar es Salaam afanye vema kuanzia Kaole, kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo. Pana magofu ya misikiti miwili, na mmoja wapo wataalamu wanauhesabu kuwa wa karne ya 13. Pembeni yake pana makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu zilizowahi kupambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mtoto akiuliza bakuli la Kichina lilifikaje hapa, mzazi amweleze habari za pepo mbili: kaskazi iletayo vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ivirudishayo. Hakuna darasa linaloweza kulieleza jambo hilo kwa wepesi kama linavyoelezwa na kaburi lenyewe.

Tena Kaole si magofu yaliyokufa. Mpaka leo wako wafikao kuomba dua penye kaburi la Sharifa. Mgeni anayeruka juu ya makaburi ili apigwe picha ajue kwamba anaruka juu ya wazee wa watu.

Mjini Bagamoyo mambo ni mengi, na kosa la wengi ni kutaka kuyamaliza kwa saa moja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ndani ya eneo la misheni yao pana makumbusho, pana mnara wa kanisa la zamani, na pana mbuyu mkubwa ambao umri wake wahesabiwa tangu mwaka ule ule wa 1868. Katika kanisa hilo ndimo maiti ya David Livingstone ilimolazwa mwezi Februari mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Watu wengi hulikumbuka jina la Livingstone pekee. Yafaa wakumbuke pia kwamba walioichukua maiti hiyo kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kwa mwendo wa miezi tisa hivi penye maradhi na njaa, walikuwa Waafrika, na mbele yao walikuwa Susi na Chuma. Wao hawakuzikwa penye makaburi ya wafalme.

Kutoka misheni mtu hufuata mitaa ya mji mkongwe. Ataiona Ngome Kongwe iliyojengwa zamani za Waarabu na kutumiwa baadaye na Wajerumani, kisha na Waingereza; ataliona boma la Wajerumani la mwaka 1897 likitazama bahari; ataiona skuli ya ghorofa iliyojengwa mwaka 1896 kwa mali ya Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyepata utajiri wake kwa kuwapatia misafara vifaa na wapagazi. Chini ya boma kuna ufuo na soko la samaki, na majahazi yaliyolala ubavu kama yalivyolala wakati wa babu zetu. Upande wa kusini ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kuwa chuo cha sanaa mwaka 1981, ambamo ngoma hufundishwa kwa bidii ile ile inayotumika kufundishia hesabu.

Jina lenyewe la mji lina ubishi. Wako wasemao kwamba ni mtumwa aliyebwaga moyo, kwa maana ya kukata tamaa, alipoiona bahari itakayomtenga na nchi yake daima. Wengine husema kwamba ni mpagazi aliyebwaga moyo kwa furaha, kwa sababu mzigo umefika na safari imekwisha. Watafiti wengi hulielekea la pili. Lakini msafiri hapotezi kitu akiyachukua yote mawili, kwani mji huu uliwapokea wote wawili, yule aliyekuwa na mzigo na yule aliyekuwa mzigo.

TONGONI NA PANGANI

Wakazi wa Tanga hawana haja ya kufika mbali. Wakiishika njia ya Pangani wataondoka katika nchi aliyozaliwa Shaaban Robert, kwani kijiji chake cha Vibambani, alikozaliwa mwaka 1909, kipo kusini ya mji wa Tanga. Baada ya mwendo mfupi watakuta Tongoni, penye gofu la msikiti na makaburi yapatayo arobaini, mengi yakiwa ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Mashimo ya mviringo yaliyobaki katika mawe ndiyo yaliyokuwa makao ya vyombo vya kaure. Karibu na hapa ndipo Wareno wa Vasco da Gama walipoichoma moto merikebu yao São Rafael mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia walikuwa wamekufa wengi, na waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vyote.

Pangani yenyewe iko mahali mto unapokutana na bahari, na sidhani kama upo mji mwingine katika mwambao huu wenye machweo ya jua kama yake. Lakini uzuri huo usitufanye tusahau habari zake. Mwezi Agosti mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika forodha na kupandisha bendera yake, watu wa Pangani walikataa. Vita vilivyoanzia hapa vikaenea pwani yote. Mshairi Hemedi bin Abdallah el Buhriy alivitungia utenzi, nao ni miongoni mwa maandishi machache ya zama hizo yanayosimulia uvamizi huo kwa kinywa cha waliovamiwa. Kiongozi wa upinzani, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mtu akiagiza madafu yake ufukoni, na akumbuke kwamba yuko penye uwanja wa vita.

Ng'ambo ya mto kuna habari nyingine isiyojulikana na wengi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalitoka mashamba yaliyoifunika Tanga na Morogoro, yakaleta manamba kutoka pembe zote za nchi na nchi jirani, na kuifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Nani angedhani kwamba historia ya uchumi wa taifa zima iliwahi kupakiwa katika kikapu cha miche 62?

MAWE, CHOKAA NA BORITI

Ili kufahamu kwa nini nyumba za miji hii zinaanguka, sharti kwanza kufahamu zilivyojengwa. Mwashi wa pwani alichukua mawe ya matumbawe, mepesi na yenye vitundu, akayaunganisha kwa chokaa. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuu la magogo, kisha kuyazimua kwa maji na kuyaacha yaive kwa siku nyingi. Ukuta ulifanywa mnene, mara nyingi nusu mita na zaidi, ili ndani pawe na ubaridi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, nyingi zikitoka katika delta ya Rufiji. Kwa kuwa boriti hazizidi urefu fulani, vyumba vya nyumba za pwani ni virefu na vyembamba. Aonaye ubanifu wa chumba asidhani kwamba mwenye nyumba alikuwa mchoyo wa nafasi. Mti ndio uliotoa kipimo.

Nyumba ya namna hii hupumua. Unyevu unaoingia ukutani hutoka tena kupitia chokaa. Adui yake wa kwanza ni paa lililotoboka. Maji yakipenya misimu miwili mitatu, ncha ya boriti iliyomo ukutani huoza, mchwa wakafuata, dari ikalegea, na ukuta uliokuwa umeshikwa na dari ukaanza kuinama. Adui wa pili huja na sura ya rafiki, naye ni saruji. Mwenye nyumba mwenye nia njema huuziba ufa kwa saruji na kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Kwa nje nyumba hupendeza. Kwa ndani unyevu hukosa pa kutokea, chokaa huwa unga, na baada ya miaka lipu ile huanguka ikiwa imeng'ang'ania kipande cha ukuta.

Tusidhani kwamba balaa hili huzikuta nyumba za wanyonge tu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ilipokuwa ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hilo lilikuwa jengo mashuhuri, katika Mji Mkongwe uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Ikiwa jumba la sultani lilifikwa na hayo, nyumba ya mfanyabiashara mdogo wa Pangani itasalimika kwa sababu gani?

NYUMBA YA WARITHI WENGI

Mgeni apitaye katika mitaa ya zamani aghalabu huuliza: mwenye nyumba hii yuko wapi, mbona haitengenezi? Mara nyingi jibu ni kwamba wenyewe ni wengi mno. Nyumba iliyoachwa na babu huwa ya watoto wake, kisha ya wajukuu, kisha ya vitukuu, kila mmoja na fungu lake. Mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Mombasa, mmoja Maskati, na wawili hawasemezani tangu msiba wa mwisho. Anayeishi ndani ya nyumba ndiye mnyonge kuliko wote, naye haoni kwa nini atie fedha zake katika paa ambalo kesho watagawana kumi na wawili. Wenye fedha nao hawaoni kwa nini watengeneze nyumba wasiyolala. Basi mali ya wote inakuwa haina mwenyewe, na mvua haingoji kikao cha ukoo.

Hapo ndipo anapotokea mnunuzi wa mlango. Huja na gari, husifu nakshi, hutoa fedha taslimu, na jioni nyumba hubaki na tundu lililozibwa kwa bati. Yafaa ijulikane kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda hata milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Anayeinunua kwa siri apate kupambia sebule yake hajifanyii hisani yoyote. Anainunua kumbukumbu ya watu kwa bei ya njaa yao.

Lakini haki itendeke pande zote. Wenyeji nao wana hoja. Kijana wa Bagamoyo akiambiwa asijenge kwa saruji, asivunje, asibadili dirisha, ana haki ya kuuliza: je, mwataka tukae katika nyumba inayovuja ili nyinyi mje kuitazama Jumamosi? Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa hotuba juu ya utamaduni. Haiwezekani kumtaka maskini awe mlinzi wa hazina ya taifa bila ujira. Wanaotaka nyumba ibaki sharti washiriki katika gharama ya kubaki kwake, na serikali peke yake, yenye shule na hospitali za kuhudumia, haijaonyesha kwamba inaweza kuubeba mzigo wote.

MGENI NA WAJIBU WAKE

Kwa sababu hiyo twarudi kwa msafiri wa mwisho wa juma. Fedha yake ni ndogo, lakini ni fedha inayokuja kila juma, na inaweza kufika katika mikono ambayo ruzuku kubwa haiifikii. Swali ni inapitia wapi. Familia inayotoka Dar es Salaam na chakula chake, maji yake na vinywaji vyake, ikakaa ufukoni kutwa nzima na kurudi jioni, imeuachia mji taka. Familia ile ile ikilala usiku mmoja katika nyumba ya wageni iliyo mjini, ikala wali wa nazi na samaki kwa mama lishe, ikanywa kahawa chungu kwa kashata penye baraza, ikamlipa mwenyeji wa kuitembeza, itakuwa imewagawia watu watano riziki yao. Na mwenyeji anayepata riziki kwa sababu ya ukuta wa kale atakuwa wa kwanza kupiga kelele ukuta huo unapoguswa.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hayana gharama. Mtu alipe kiingilio cha magofu na kudai stakabadhi yake, kwani fedha isiyo na stakabadhi haitengenezi paa. Asichonge jina lake katika mawe ya Kaole wala kuokota kigae cha kaure na kukitia mfukoni. Kigae mfukoni ni uchafu, mahali pake ni ushahidi. Avae mavazi ya heshima anapopita mitaani. Apige hodi kabla ya kupiga picha, na amwamkie mzee aliyeketi barazani kabla ya kumwuliza habari. Katika miji hii salamu si dibaji ya mazungumzo. Ni mazungumzo yenyewe, na asiyekuwa na nafasi ya salamu hatapata hadithi.

Walimu nao wana nafasi kubwa. Safari za shule mara nyingi huwa mbio: watoto hushushwa, huhesabiwa, hupigwa picha, hupandishwa. Ingefaa kila mwanafunzi apewe jambo moja la kutafuta, kama vile kupima upana wa chumba na kueleza kwa nini ni chembamba, au kumwuliza mzee mmoja jina la mtaa wake lilitoka wapi. Mtoto anayerudi na jawabu moja alilolipata mwenyewe amefaidi kuliko anayerudi na picha mia.

Halmashauri za miji hii zingeweza kuwasaidia wenye nyumba kwa mambo mepesi: kuwafunza vijana uashi wa chokaa, kazi ambayo wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka, kuweka akiba ya bati na boriti kwa ajili ya mapaa yaliyo hatarini kabla ya masika, na kuwapatanisha warithi ili nyumba ipate msimamizi mmoja mwenye idhini ya wenzake. Nyumba iliyotengenezwa paa kwa wakati hugharimu sehemu ndogo tu ya ile iliyongojewa mpaka ianguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msemo huu hauna mahali unapofaa zaidi kuliko hapa.

Mwisho, tunalo neno kwa wale ambao miji hii si ya kutembelea bali ni ya asili yao. Ni wengi. Miongoni mwa magari yanayoteremka Bagamoyo na Pangani kila Jumamosi yamo ya wajukuu wa wenye nyumba hizo hizo, wanaopita mbele ya mlango wa babu yao bila kushuka, kwa kuwa wakishuka wataulizwa habari za paa. Twawasihi washuke. Waingie, waketi na shangazi aliyebaki humo, waitazame dari na kuhesabu boriti zilizooza, kisha wawaandikie ndugu zao kabla mvua za masika hazijaanza. Warithi kumi na wawili wakitoa kidogo kidogo, paa moja linaezekwa. Nyumba mia zikiezekwa, mji unabaki.

Reli iliiacha miji hii, na meli zikaiacha. Barabara imeirudia, na kila Jumamosi sisi ndio tunaopita juu yake. Mtoto tunayemchukua leo kumwonyesha mlango wenye nakshi atataka siku moja kumwonyesha mwanawe mlango huo huo, na hatamwuliza mtu mwingine ulipokwenda bali sisi.